Mkataba Sio Hela: Tuulizane Kuhusu LC Kabla Gunia Halijatoka Ghalani

Makamanda, msimu wa korosho unakaribia na kama kawaida misafara ya wakubwa itaanza kuteremka kusini kutuahidi wanunuzi. Watatutajia nchi, watatutajia tani, watatutajia mabilioni. Naomba mwaka huu kila kijana anayekaa kwenye mkutano wa AMCOS awe na swali moja tu mfukoni, tena swali la kishamba kabisa: ni benki gani imeahidi kulipa?

Tukumbushane kidogo. Novemba 2018 wanunuzi na wakulima walikuwa wamevutana kuhusu bei mpaka minada ikakwama. Rais Magufuli akaamua serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapelekwa kusomba mzigo. Wapo wakulima walioshangilia, na sitawacheka, maana nani hataki bei nzuri? Lakini serikali sasa ikawa na mlima wa korosho ghalani na mnunuzi haonekani. Tarehe 30 Januari 2019, Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko ikasaini mkataba na kampuni ya Kenya inayoitwa Indo Power Solutions: tani 100,000, thamani yake kama dola milioni 180, yaani karibu shilingi bilioni 418. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya shilingi 4,100 kwa kilo. Kamera zikawaka, kalamu zikapita, makofi yakapigwa. Mwezi Mei mwaka huo huo waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati ule, Joseph Kakunda, akatangaza kwamba mkataba ule umevunjwa. Hela haikuja.

Wakati ule nchi nzima ilikuwa inabishana kama kampuni ile ni kubwa au ndogo, ina ofisi wapi, mwenyewe ni nani. Ubishi halali kabisa, serikali ilitakiwa kuyajibu hayo yote. Ila kwa sisi ambao kazi yetu ni kuandaa nyaraka za mizigo, hapo hapakuwa penyewe. Kampuni ndogo inaweza kununua mzigo mkubwa kama nyuma yake kuna benki iliyojifunga kulipa. Na kampuni yenye jengo la vioo inaweza isikupe hata senti kama hakuna benki iliyojifunga. Mkataba ni maneno ya watu wawili. LC ni neno la benki.

Wapo wanaoitafsiri LC kuwa "barua ya mkopo". Jina baya sana hilo, limewapoteza wengi. Muuzaji hapewi mkopo wowote pale. Ni hivi: mnunuzi wa Vietnam au India anakwenda benki yake, benki inaandika ahadi kwamba muuzaji wa Mtwara akileta karatasi hizi na hizi, zikiwa sawasawa na ndani ya muda, sisi benki tutalipa. Sisi, sio mnunuzi. Mnunuzi akifilisika kesho, benki inalipa. Akibadili mawazo kwa sababu bei imeshuka, benki inalipa. Tangu Julai 1, 2007, kanuni zinazotumika karibu dunia nzima ni zile za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara cha Paris, zinaitwa UCP 600, na kwa kanuni hizo LC haifutiki bila ridhaa ya muuzaji. Ndio maana mfanyabiashara mzoefu hapakii kontena kwa picha ya mtu akishikana mkono na waziri.

Na msidhani hii ni akili ya watu wadogo waoga. Machi 2023 majirani zetu Kenya waliingia makubaliano na Saudi Aramco, ADNOC na ENOC wapewe mafuta walipe baada ya siku 180. Hayo ni makubaliano ya serikali, na waliosaini ni mashirika yenye visima vyao wenyewe. Pamoja na hayo yote, mafuta yalitolewa kwa LC za benki. Tajiri wa mafuta haridhiki na saini ya serikali nzima, halafu mkulima wa Tandahimba, mwenye magunia saba, ndiye aambiwe aamini.

Lakini nisije nikawauzia LC kama dawa ya kila ugonjwa. Ukiipokea bila kuisoma ni mtego kamili, na vijana wengi walioanza kuuza ufuta, korosho na mbaazi nje wananaswa hapo hapo.

Mtego wa kwanza unaanzia kwenye jambo ambalo watu hawataki kuliamini hata ukiwaeleza mara kumi: benki haiangalii mzigo, inaangalia karatasi. Kifungu cha 5 cha kanuni hizo kinasema hivyo wazi. Korosho zako zinaweza kuwa daraja la kwanza, nyeupe, kavu, zimefika salama, lakini kama hati ya meli, ile tunayoiita BL, ina tarehe iliyopitiliza siku moja, benki ina haki ya kukataa kulipa. Siku moja tu. Nimewahi kuwaandalia nyaraka vijana watatu waliochanga mtaji wakauza ufuta. LC iliweka tarehe ya mwisho ya kupakia. Meli ikachelewa, mzigo ukapanda siku iliyofuata. Mnunuzi akawatumia ujumbe wa WhatsApp: msijali rafiki zangu, pakieni tu, nitakubali. Niliwaambia ule ujumbe hauna thamani, dai marekebisho ya LC yenyewe, yapite benki. Wakaona nachelewesha mambo. Karatasi zilipofika, bei ya ufuta sokoni ilikuwa imeshuka, na yule yule rafiki akasema benki yangu imeona kasoro, ila mkipunguza bei naweza kuwasaidia. Mzigo uko bandari ya watu, gharama za kontena zinapanda kila siku, mtaji ni wa kuchangishana. Walipunguza.

Huo ndio mchezo wenyewe, uelewe vizuri. Bei ikipanda, mnunuzi haoni kasoro yoyote hata ukimwandikia jina lake kinyumenyume. Bei ikishuka, anavaa miwani.

Kwa hiyo LC inasomwa siku ile inapofika, kabla hujamlipa mtu wa lori hata senti. Kila sharti lililoandikwa jiulize: hili naweza kulitimiza mimi mwenyewe, au linamtegemea mtu mwingine? Ukikuta wamesema karatasi mojawapo ni cheti cha ukaguzi kilichosainiwa na mwakilishi wa mnunuzi, simama hapo hapo. Mwakilishi akikataa kusaini, akisafiri, akizima simu, huna LC tena, una karatasi tu. Dai cheti cha kampuni huru ya ukaguzi. Ukikuta imeandikwa bandari ya kupakia ni Mtwara peke yake, na wewe unajua misimu mingine meli hazitoshi na mzigo wa kusini unaishia kupakiwa Dar es Salaam, omba iandikwe bandari yoyote ya Tanzania. Maneno mawili matatu hayo, yanaokoa kontena nzima. Ukikuta LC inaisha muda kwenye benki ya mnunuzi huko Hanoi badala ya kwenye benki yako hapa, jua kwamba siku ambazo bahasha inasafiri zinahesabiwa kwako. Na kama haijataja muda mwingine, kanuni zinakupa siku 21 tangu kupakia kuwasilisha BL na wenzake, ilimradi LC yenyewe haijaisha. Siku hizo zinayeyuka haraka. Cheti cha uasili wa bidhaa unakifuata TCCIA, cheti cha afya ya mimea kwingine, BL kwa wakala wa meli, na wakala wa meli naye ana foleni yake na dharau zake.

Kwenye uzito nako kuna kizungumkuti. Korosho na mbaazi zinapungua unyevu, gunia lililopimwa ghalani Newala halina uzito ule ule likifika bandarini. LC ikitaja kiasi kwa uzito tu, kanuni zinakuruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 5, mradi hela unayodai haizidi kiasi cha LC. Lakini ikitaja idadi ya magunia, ruhusa hiyo imeondoka. Ukiona hivyo omba neno "takriban" liwekwe kwenye kiasi na kwenye thamani, hapo unapata asilimia 10. Neno moja! Wengi hawajui kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwa lugha yao.

Na makosa ya tahajia je? Hapa kuna kituko kinachonichekesha kila mara. Chama hicho cha Paris kina kitabu cha kuwaelekeza mabenki namna ya kukagua nyaraka, na humo wanatoa mfano wa kosa dogo la uandishi lisiloharibu maana, kwamba mtu akiandika "mashine" badala ya neno la Kiingereza, benki isikatae. Sijui kama walijua kwamba wameandika Kiswahili safi. Ila usichezee bahati kwa hilo: kitabu hicho hicho kinasema ukikosea namba ya modeli, hiyo ni kasoro kamili. Jina lako kwenye ankara, jina lako kwenye BL na jina lako kwenye LC yaandike sawa. Benki ikishapokea nyaraka ina siku tano za kazi kuamua, na ikikataa inatakiwa ikutajie kasoro zote kwa mkupuo. Haina ruhusa ya kuja leo na moja kesho na nyingine. Idai haki hiyo.

Kuna na mtego wa LC yenyewe kuwa feki. Mtu anakutumia kwa barua pepe karatasi yenye nembo ya benki, mihuri ya dhahabu, saini tatu. LC ya kweli haiji hivyo. Inapita mtandao wa SWIFT kutoka benki ya mnunuzi kwenda benki ya hapa, na benki ya hapa ndiyo inayokuita na kukuhakikishia kwamba ni halali. Kama benki yako haina habari nayo, hata wewe huna habari nayo. Na hata ikiwa halali, uliza benki iliyoifungua ni ipi na inasimama vipi. Kama huifahamu, omba benki nyingine, ikiwezekana ya hapa nchini, iongeze dhamana yake juu. Inagharimu, ndiyo. Kubaliana na mnunuzi nani analipia kabla, maana ada zikishakatwa hazirudi.

Nitaje na mbaazi kidogo, maana wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati hawajasahau. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwao, na bei huku ikaanguka vibaya. Watu waliambiwa ni bahati mbaya, India imeamua. Sera ya biashara ya nje ya India ina kifungu cha kawaida kinachosema katazo jipya likija, mzigo ambao tayari ulifunguliwa LC isiyofutika kabla ya tarehe ya katazo kwa kawaida huruhusiwa kuingia ndani ya muda wa LC hiyo. Sisemi kifungu hicho kingeokoa kila gunia la mbaazi. Nasema nchi ambayo mazao yake yanauzwa kwa ahadi za mdomo inakuwa ya mwisho kwenye kila foleni ya kujitetea.

Sasa tugeukie upande wa pili, wa kijana wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou. Huyu kwa kawaida hana LC, anatuma hela. Asilimia 30 mwanzo, iliyobaki kabla mzigo haujapanda meli, halafu anaomba Mungu. Ukimuuliza kwanini hafungui LC atakujibu kwamba alienda benki akaambiwa aweke hela yote ya mzigo kama dhamana, ifungiwe pale mpaka mzigo ufike, juu yake ada, au alete hati ya nyumba. Mtu mwenye nyumba na hela yote taslimu ndiye anayepewa chombo cha kumlinda asidhulumiwe. Asiye navyo aende akadhulumiwe vizuri. Na hata akiipata, benki ya China italipwa kwa karatasi, kwa hiyo kontena likija na matofali badala ya simu, benki haihusiki. Kinga yake ni ile ile: kuandika ndani ya LC kwamba lazima kuwe na cheti cha kampuni huru iliyokagua mzigo wakati unapakiwa.

Mwaka 2023 dola zilipoadimika tuliona sura nyingine ya jambo hili. Ukawa na shilingi zako zote, benki inakwambia subiri, dola hakuna. Wazee watawaambia si mara ya kwanza. Miaka ya sabini na themanini waagizaji wa nchi hii walilipa shilingi zao NBC ili wauzaji wa nje walipwe kwa fedha za kigeni, lakini Benki Kuu haikuwa na fedha za kigeni, madeni yakalimbikizwa kwenye akaunti iliyoitwa EPA. Mnakumbuka ilivyoisha. Mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa humo na kampuni 22 kwa nyaraka za kughushi. Septemba 2007 Katibu Mkuu wetu wa wakati ule, Dk. Slaa, akasimama Mwembe Yanga, Temeke, akasoma orodha ya mafisadi hadharani, wakamwita mzushi. Januari 2008, baada ya ukaguzi wa Ernst & Young, gavana akatenguliwa. Narudia hadithi hii kwa sababu moja: kwenye LC ya mfanyabiashara halali benki inakataa kulipa kwa tarehe iliyopita siku moja. Kwenye akaunti ya umma, bilioni 133 zilitoka kwa karatasi za kughushi na hakuna karani aliyeona kasoro. Ukali wa nyaraka upo, ila unamwangukia mdogo.

Kwa hiyo tunataka nini? Binafsi nataka chama chetu kiliweke jambo hili kwenye ilani kwa lugha ya wazi. Taasisi yoyote ya umma isiruhusiwe kutangaza mauzo ya mazao nje, achilia mbali kupiga picha, mpaka LC isiyofutika iwe imefika benki ya hapa na benki hiyo imeithibitisha. Bunge lioneshwe. Mkulima asisubiri malipo miezi na miezi kwa sababu waziri aliamini mtu. Kwa vijana wanaouza na kuagiza, uwepo mfuko wa dhamana unaobeba sehemu ya amana benki inayoidai, badala ya mikopo ya asilimia kumi za halmashauri kuishia kwenye mashine za kufyatulia matofali zinazoota kutu nyuma ya ofisi ya kata. Na Benki Kuu itoe mwongozo wa LC kwa Kiswahili, wenye mfano wa LC nzima ndani, usambazwe kwenye kila chama cha ushirika. Hauhitaji mkopo wa Benki ya Dunia huo, unahitaji mtu mmoja aliyekaa chini wiki mbili.

Najua jibu litakalokuja. Watasema masharti haya yatawafukuza wanunuzi. Mnunuzi anayefukuzwa na sharti la kuonesha benki yake mwache aende. Kwenye mnada wa stakabadhi ghalani mnunuzi analipa ndipo anachukua mzigo, na wanunuzi wanakuja kila mwaka. Mashaka yanaanza pale wakubwa wanapochukua mzigo pembeni ya mnada na kwenda kuutafutia soko wenyewe, kwa mkataba, bila benki. Hapo ndipo 2019 ilipotokea.

Wenzangu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma, mikutano mikuu ya AMCOS inaanza hivi karibuni, na kila mwanachama ana haki ya kuuliza. Likitajwa jina la mnunuzi wa nje aliyeletwa na serikali, nyoosha mkono. Uliza jina la benki iliyofungua LC, jina la benki ya hapa iliyoipokea, tarehe ya mwisho ya kupakia, na tarehe LC inapoisha. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, neno kwa neno, na nakala yake ubaki nayo wewe.